Mlango wa chumvi na sukari

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Sisi wazima, ila bibi yako magoti yanamsumbua kwa baridi hii.

Nimesoma swali lako mara mbili. Unasema biolojia ya kidato cha tano imekuchosha, kwamba mambo ya vitu kupita kwenye utando wa seli ni ya kukariri tu, yatakusaidia nini? Basi nikusimulie kitu ambacho sijawahi kukusimulia, baba.

Ulikuwa na miezi tisa. Mimi bado sijasomea uuguzi, nauza maandazi. Ukaanza kuharisha. Bibi yako akasema mtoto apewe soda iliyotolewa gesi, eti ina nguvu. Nikakunywesha kijiko kwa kijiko, nawe ukazidi kuharisha. Siku ya tatu asubuhi utosi ulikuwa umebonyea, unalia na chozi halitoki. Nilikufinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama.

Kosa letu nilikuja kulielewa chuoni. Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta. Oksijeni hupenya bila kupiga hodi, lakini sukari na chumvi havipiti pasipo mlango, na mlango wenyewe ni protini. Maji nayo hayana pampu yake. Huelekea kule kulikokolea zaidi. Soda imekolea sukari kuliko damu. Milango ya utumbo wako ikazidiwa, sukari iliyobaki ndani ikavuta maji kutoka mwilini. Tunajua tunakuongezea maji, kumbe tunakukausha.

Zahanati hawakukutundikia dripu. Muuguzi alichukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, akamimina paketi ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, akanipa kikombe na kijiko. Nilinuna kimoyomoyo: nimetembea mwendo wote ule nije kupewa maji ya chumvi! Akaniambia, akitapika subiri dakika kumi, kisha anza tena polepole. Alasiri ukanikojolea. Sijawahi kufurahia khanga kulowa kama siku ile.

Sasa angalia nyuma ya paketi ya siku hizi: glukosi, yaani sukari, gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, na vingine viwili vidogo. Jiulize sukari inatafuta nini kwenye dawa ya kuhara, wakati nimetoka kuilaumu. Kwenye seli za utumbo mwembamba kuna mlango unaopitisha chembe mbili za sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi, pamoja na glukosi moja. Glukosi ikija peke yake haifunguliwi. Vikiingia pamoja, maji hufuata nyuma. Siri yote ni kipimo: sukari ya kutosha kuivusha chumvi, isizidi hapo.

Na kwa nini sodiamu inakubali kuingia? Kwa sababu upande wa pili wa seli, ule unaoelekea damu, kuna pampu isiyolala. Inatoa sodiamu tatu nje, inaingiza potasiamu mbili, kila mzunguko ATP moja, ambayo ndiyo nishati ya seli. Ndani ya seli sodiamu inakuwa haba muda wote, kwa hiyo ya utumboni inateremka kuingia, na glukosi inadandia safari. Pampu hiyo mwanasayansi Jens Christian Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957, akichunguza neva za kaa. Kaa, mwanangu! Nobel akaipata 1997. Habari ya glukosi kuingia pamoja na sodiamu aliitoa mwanasayansi Mmarekani Robert Crane mjini Prague mwaka 1960.

Kipindupindu ndicho kilichonifanya niiheshimu elimu hii. Sumu yake hufungulia milango ya kloraidi, ile sehemu nyingine ya chumvi, chumvi na maji yakamwagika utumboni lita kwa lita, lakini ule mlango wa sodiamu na glukosi haiugusi. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipojaza wakimbizi Bangaon, India, dripu zikaanza kuisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru maji ya chumvi na glukosi yachanganywe kwenye mapipa, ndugu wa wagonjwa wakawa wanawanywesha kwa vikombe. Pale ambapo walikuwa wakifa 20 hadi 30 katika kila mia, vifo vikashuka hadi chini ya wanne.

Kwenye kifurushi nimekuwekea paketi mbili, zipo chini ya soksi. Maji ya bweni lenu siyaamini. Zikiisha, tumia lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko hichohicho kidogo cha chumvi. Usikadirie kwa mkono, chumvi ikizidi ni hatari. Yakipita saa 24, mwaga.

Bibi yako anakusalimu sana. Imani yake kwa soda iko palepale, nimeacha kubishana naye.

Mama yako