Yah: Malalamiko kuhusu flaski nne za chakula zisizofika saa saba zikiwa na moto

Mamalishe wa Buguruni,
Dar es Salaam.
12 Juni 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mamalishe, mwaka wa 14 huu. Napika nyumbani Buguruni, nauza Kariakoo, kwa vijana wa madukani ambao mchana hawawezi kuacha duka waende kutafuta chakula. Tarehe 3 Machi mwaka huu nilinunua dukani kwenu flaski 10 za chakula, zile za stenlesi zenye mfuniko mweusi, za mililita 750, Sh 35,000 kila moja. Kivuli cha risiti ya EFD nimekiambatisha, pamoja na kadi ya waranti ya mwaka mmoja.

Boksi limeandikwa "Moto saa 8". Ratiba yangu haifiki hata huko. Napakia saa tatu asubuhi, bajaji inaondoka kabla foleni ya Barabara ya Uhuru haijakolea, wateja wanaanza kula saa saba. Nahitaji moto ukae saa nne, tano kwa aliyechelewa. Hata kama mlimaanisha saa nane mchana, Ndugu Meneja, flaski nne kati ya hizo hazikufika.

Wiki ya kwanza nilisikia manung'uniko ya hapa na pale: mama, leo mbona vuguvugu? Nikadhani ni mimi, nimepakua mapema. Wiki ya pili nilikuwa nimesimama kwenye duka la vitenge, dada wa pale alibanwa na wateja hadi saa nane na nusu ndipo akafungua flaski yake mbele yangu. Juu ya mchuzi wa ng'ombe palikuwa na utando mweupe wa mafuta. Alipougusa kwa kijiko ukakatika vipande, vikaelea. Hakusema neno. Alirudisha mfuniko, akaukaza vizuri kabisa, akanipa flaski yangu mkononi.

Mtu asiyepika anaweza kuona hilo ni dogo. Mafuta ya ng'ombe hayagandi kwenye mchuzi wa moto. Yakiganda Kariakoo, mwezi wa Machi, mtu akitoka jasho hata kivulini, ujue mchuzi huo umeshashuka karibu na joto la mwili wa binadamu.

Nilizirudisha dukani kwenu zile nne. Kijana wa kaunta alinipokea kwa heshima, "shikamoo mama," akanipa na kiti, kisha akaniambia kosa ni langu: chakula hakikuwa cha moto wakati wa kupakia, au sikupasha flaski kwanza, au niliijaza nusu. Sikumgombeza, ni mtoto anayesema alichoelekezwa. Lakini ninyi mliomwelekeza nataka mnisikilize.

Kila asubuhi flaski zote namimina maji yanayochemka, nafunika, naziacha dakika 10. Ndipo namwaga maji na kupakua chakula kikiwa bado jikoni, hadi shingoni, maana nafasi tupu inakula moto. Sufuria ni moja, upawa ni mmoja, kapu ni moja, na bajaji ni hiyo hiyo. Kama kosa lingekuwa mkononi mwangu, zote 10 zingepoa. Lakini kuna kaka wa duka la spea aliyeungua ulimi kwa maharage yangu saa tisa mchana, siku ile ile ya utando wa mafuta. Flaski yake ni ya kwenu, niliinunua siku moja na hizo mbovu.

Nisiwafiche: moja kati ya 10 ilianguka kutoka kwenye bajaji, kitako kikabonyea, tangu hapo haishiki moto. Hiyo ni yangu na dereva wangu, siwadai. Zile nne hazina hata mkwaruzo. Nimezitia alama ya rangi nyekundu ya kucha chini ya kitako zisichanganyike.

Jumapili moja mtoto wa dada yangu, anayesomea upishi, alikuja na kipimajoto chake cha chakula. Tulizijaza zote tisa maji yanayochemka saa tatu asubuhi, tukafunika, tukakaa. Hata kipimajoto hakikuwa na haraka, mkono ulitangulia. Baada ya robo saa nilizipapasa moja moja kwa kiganja. Tano zilikuwa baridi kwa nje kama zilivyotoka kabatini. Nne zenye alama zilikuwa na joto ubavuni, na kwenye kitako ilibidi niondoe mkono. Saa saba tulipima: zile tano hazikushuka chini ya nyuzi 75, zile nne zilikuwa nyuzi 50 na kidogo. Saa tisa, tano bado ziko juu ya 70, nne zimefika 41 na 42.

Ninyi mnaouza vitu hivi mnajua maana yake kuliko mimi. Flaski ni kuta mbili, na katikati hewa imenyonywa ili moto wa ndani usipate pa kupitia. Ukuta wa nje ukishika joto, basi hewa imeingia, kiungio kimevuja mahali. Iliyobaki ni kopo tu lenye tumbo mbili. Hapo mfuniko ukazwe usikazwe, flaski ipashwe isipashwe, chakula kitapoa. Kulijua hilo hakuhitaji maabara: maji ya moto, robo saa na kiganja. Nashangaa kaunta yenu nzima haina birika la kufanyia hivyo kabla ya kumwambia mteja hajui kutumia.

Na suala si ladha tu. Bwana afya alipotupa semina alitusisitizia kwamba chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, na kikishuka hapo kisizidi saa mbili. Wali ndio alioukazia zaidi, kwa sababu kuna vijidudu vyake vinavyostahimili kuchemshwa, halafu vinaamka wali ukikaa uvuguvugu. Flaski mbovu inautunza katika uvuguvugu huo huo, imefunikwa kwa raba, saa nzima nzima. Sijasikia mteja wangu aliyeumwa na sitawazushia. Ila tangu siku ile ya kipimajoto zile nne sijazitumia hata kwa uji.

Ninachoomba ni hiki. Mnibadilishie flaski nne, na kabla sijaondoka nazo tuzijaribu kwa maji ya moto hapo hapo kaunta. Kama hamna nyingine, mnirudishie Sh 140,000. Tena boksi lenu liseme moto wa nyuzi ngapi baada ya saa 8, kwa sababu neno "moto" peke yake halimsaidii mtu anayelisha watu. Nilirudisha pesa za sahani 19, Sh 3,500 kila moja, jumla Sh 66,500, na wateja watatu wa kila siku wamehamia kwa mwenzangu. Wateja sitawadai, nitawatafuta mwenyewe. Hiyo Sh 66,500 naiweka mezani kwenu muipime.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nikikosa, barua hii na vipimo vyangu nitavipeleka Tume ya Ushindani (FCC), maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda na mlaji pia. Nisingependa kufika huko. Zile tano nzima ni flaski nzuri kweli, na nilikuwa na mpango wa kuongeza 10 nyingine kabla ya mwisho wa mwaka.

Nne zenye alama zipo nyumbani, zimeoshwa, kila moja na boksi lake. Mkimtuma mtu kuja kuzikagua, apige simu kwa namba iliyo kwenye kadi ya waranti, na aje kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Katikati hapo napakia au nipo Kariakoo na zile tano, wengine nawapakulia kwenye sahani kutoka hotipoti kama zamani.

Wenu mteja,

(sahihi)

Mamalishe wa Buguruni

Viambatisho: kivuli cha risiti, kivuli cha kadi ya waranti, karatasi ya vipimo vya Jumapili.