Mabosi, Jumamosi Kuu tuachieni watu wawahi mkesha

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Mimi ni Mkatoliki wa hapa Moshi na nimeguswa sana na mkesha wa Pasaka wa mwaka huu. Ijumaa Kuu ni sikukuu ya kitaifa na Jumatatu ya Pasaka pia, ila Jumamosi katikati watu tunapiga kazi kama kawaida, na mkesha ndo unaanza giza likishaingia, ndo utaratibu wenyewe wa Kanisa. Mdogo wangu anauza duka la mtu, bosi kamwachia saa mbili na nusu usiku, mvua ya masika hiyo inamwagika, daladala hakuna, kaja kwa miguu kalowa chapachapa na moto wa ibada nje ya kanisa ulishawashwa, padri alishachora msalaba kwenye mshumaa mkubwa, Alfa na Omega na tarakimu za mwaka, akachomeka zile punje 5 za ubani. Vyote hivyo kavikosa jamani, na alifunga Kwaresima nzima siku 40 anausubiri usiku huo.

Nikamwashia mshumaa kutoka kwa wangu, nta ikamdondokea kidoleni wala hakuutoa mkono, akaukinga ule moto na kiganja mpaka Mbiu ya Pasaka, ule wimbo wa kutangaza ufufuko, ikaisha. Machozi yalinitoka.

Mabosi, nawaomba sana, mwakani fungeni hata saa kumi na mbili tu. Na wenye daladala mtufikirie tunaotoka kanisani usiku.

Mkatoliki, Majengo, Moshi