Benki isaidiwe kwa fedha, si kwa kubadilishiwa hesabu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita kwamba mwaka 2009 Marekani iliokoa benki zake kwa kulegeza kanuni za uhasibu, na kwamba nasi tuige. Nilitunza vitabu vya chama cha ushirika cha kahawa huku Kilimanjaro kwa miaka 22, na hoja hiyo imeniuma.

Mwaka 2001 bei ya kahawa ilianguka dunia nzima. Ghalani tulikuwa na magunia tuliyoyanunua kwa bei ambayo hakuna mnunuzi angeitoa tena mnadani Moshi. Nilitaka kushusha thamani yake kwenye mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya chama. Kamati ikasema niiache kwa bei tuliyonunulia, maana soko litarudi. Nikatii. Mkutano mkuu ukaiona mizania nzuri, ukaidhinisha tukope tena benki. Kahawa ilipouzwa, tukabaki na madeni mawili. Mzee mmoja akasimama mbele ya wanachama akaniuliza: “Mwanangu, ulikuwa unajua?” Nilikuwa najua.

Kanuni iliyolalamikiwa Marekani, namba 157, ilieleza jinsi ya kukadiria mali kwa bei ya soko, zikiwamo hati za mikopo ya nyumba (dhamana zinazolipwa kwa marejesho ya wakopaji) zilizokuwa mikononi mwa benki. Lehman Brothers, benki kubwa ya uwekezaji ya Marekani, ilipofilisika Septemba 15, 2008, wanunuzi wa hati hizo walitoweka. Hapo wenye benki walikuwa na hoja, nami siifichi: pasipo mnunuzi, bei pekee inayoonekana ni ya muuzaji aliyebanwa, na wakopaji wengi bado walikuwa wanalipa marejesho kila mwezi. Machi 2009 wabunge walimbana Robert Herz, mwenyekiti wa bodi ya viwango vya uhasibu. Aprili 2 bodi ikailegeza kanuni hiyo. Ulaya ilikuwa imetangulia. Oktoba 13, 2008, kwa shinikizo la Umoja wa Ulaya, bodi ya kimataifa ya viwango vya uhasibu iliruhusu benki kuhamisha baadhi ya mali kutoka fungu linalohesabiwa kwa bei ya soko, ili bei ikishuka hasara isiandikwe, tena kuanzia Julai 1, siku iliyokwisha kupita! Viwango vya bodi hiyo ndivyo tunavyotumia Tanzania tangu 2004.

Lakini mwenzangu amesahau fedha. Oktoba 2008 Bunge la Marekani liliidhinisha dola bilioni 700, na bilioni 125 zikatengwa kuwa mtaji wa benki tisa kubwa. Mei 2009 yakatangazwa matokeo ya kuzipima benki 19 kama zingehimili hasara zaidi, kila moja kwa jina lake. 10 zikaambiwa ziongeze mtaji, jumla karibu dola bilioni 75. Kila mtu akajua nani ana pengo, na la kiasi gani. Naamini hicho ndicho kilichorudisha imani.

Njia ya kulegeza kanuni, Marekani hiyohiyo ilishaijaribu miaka ya 1980. Vyama vya akiba na mikopo ya nyumba vilivyokuwa mahututi viliruhusiwa kuhesabu kama mtaji vitu ambavyo havikuwa fedha. Vikaendelea kukopesha. Mwishowe walipakodi wakabeba zaidi ya dola bilioni 120.

Sipingi serikali kuingilia kati. Benki ikianguka, anaumia mama aliyeweka humo ada ya mwanawe. Serikali itie mtaji, ilinde amana, iipe benki muda wa kufikia kiwango cha mtaji kinachotakiwa. Muda huo autoe msimamizi wa benki kwa tangazo, usifichwe ndani ya mizania. Na pale soko linapokuwa limekufa kweli, benki ichapishe tarakimu mbili bega kwa bega: bei ya soko ya siku ile, na thamani inayoikadiria yenyewe pamoja na sababu zake. Benki zetu tayari huchapisha hesabu magazetini kila robo mwaka. Ni kuongeza safu moja tu. Naiomba Benki Kuu, pamoja na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, waliandae jambo hili sasa, kabla ya dhoruba.

Mhasibu mstaafu wa ushirika,
Moshi