Matairi ya theluji hayafai matope yetu

Kwa Mhariri,

Kila mvua za masika zinapokaribia, wenye pikapu hapa Nairobi huanza kusaka matairi yanayoshika vizuri, na baadhi yao huishia kuuziwa matairi ya theluji. Muuzaji huonyesha meno marefu, hubonyeza mpira kwa ukucha ili mteja aone ulivyo laini, kisha husema kwamba tairi lililoshinda barafu haliwezi kushindwa na matope ya Kinangop. Hilo si kweli, na kwa pikapu yenye mzigo inayoteremka kuelekea Mai Mahiu huku mvua ikinyesha, ni jambo la kuua watu.

Matairi haya hufika nchini yakiwa yamefungwa kwenye magari yaliyotumika kutoka Japani, hasa sehemu za kaskazini kama Hokkaido. Mwaka 1990 Japani ilipitisha sheria ya kuzuia matairi yenye misumari ya chuma kwa sababu yalikuwa yakikwangua lami na kujaza vumbi hewani, na watengenezaji wakakazania matairi ya mpira laini yasiyo na misumari. Ndiyo hayo yenye neno STUDLESS au SNOW ubavuni.

Mpira wake umechanganywa ili usikakamae baridi inaposhuka chini ya nyuzijoto 7. Nairobi ni nadra kufika huko hata alfajiri ya Julai, na lami ya Voi saa nane mchana hupita nyuzi 50. Kwenye joto hilo meno hulegea na kujikunja kila unapokanyaga breki au kukata kona. Tairi hupata moto, gari huchelewa kusimama, na meno huisha upesi, hasa nyuma penye mzigo.

Kuhusu matope, sababu iko kwenye umbo la meno. Tairi la theluji limechanjwa mikato myembamba mingi sana. Juu ya theluji mikato hiyo hufunguka na kuuma, na theluji inayojibana kati ya meno hushikana na ile ya barabarani. Udongo mwekundu wa Kiambu au ule mweusi wa Kitengela hauna tabia hiyo. Hujaza mikato, hugandamana, na baada ya mizunguko michache tairi huwa halina meno tena. Matope yanahitaji mifereji mipana, ili gurudumu likizunguka udongo urushwe nje.

Alama za ubavuni nazo huchanganya watu. M+S humaanisha matope na theluji, lakini mtengenezaji hujiandikia mwenyewe kwa kuangalia umbo la meno, bila tairi kupimwa kwenye theluji. Ujerumani imeacha kuikubali peke yake kama alama ya tairi la baridi tangu Oktoba 2024. Mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ndio unaoonyesha kwamba tairi limepimwa. Hata hivyo, usilikatae tairi kwa sababu ya mchoro huo tu: baadhi ya matairi ya A/T, yaani ya njia zote, huwa nao na hufanya kazi vizuri hapa kwetu. Tazama kama limeandikwa STUDLESS na kama meno yamejaa mikato myembamba.

Kosa kubwa zaidi, na halizungumzwi vya kutosha, ni uzito. Mengi ya matairi haya yalitoka kwenye magari ya familia. Chukua la kipimo cha 215/70R16 lenye namba ya uzito 100. Namba hiyo ni kilo 800, kwa hiyo mawili ya nyuma yanabeba kilo 1,600. Ekseli ya nyuma ya pikapu tupu inaweza kuwa na kilo 700 hivi. Pakia tani moja ya viazi, ambayo karibu yote hukalia ekseli hiyo, na umefika 1,700. Tairi la kipimo hichohicho lenye herufi C, yaani la magari ya mizigo, na namba 108/106 hubeba kilo 1,000 kila moja. Lile la 205R16C lenye 110/108 hubeba 1,060. Namba ya kwanza ndiyo yako. Ya pili ni ya magari yenye matairi mawili mawili kila upande wa nyuma. Ukizidisha uzito, ubavu hujipinda mno, nyuzi za ndani huungua polepole, na tairi hupasuka baadaye ukiwa katika mwendo, si siku ulipopakia.

Anayebeba mzigo kwenye lami siku nyingi atumie tairi la H/T, yaani la barabara kuu, lenye C. Anayeingia mashambani kila wiki achukue A/T. La M/T, yaani la matope, ni la matope ya kudumu. Kwenye lami iliyolowa mshiko wake ni hafifu, hivyo hatulipendekezi kwa mtu wa Nairobi. Pikapu tupu inayoendeshwa na magurudumu ya nyuma huteleza kwa sababu nyuma ni nyepesi: funga magunia ya mchanga, kilo 100 hivi, juu ya ekseli. Ukikwama, punguza upepo hadi PSI 25, kisha ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami, kwa kipimo kilicho kwenye kibandiko cha mlangoni.

Kwa wasomaji wanaokwenda kuendesha magari Kanada, ushauri hugeuka kabisa. Huko tairi la theluji linahitajika wakati wa baridi. Jimbo la Quebec hulazimisha kwa sheria kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Funga yote manne. Ukifunga mawili ya mbele tu, nyuma itakupita kwenye kona. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne husaidia kuondoka, halifupishi breki. Pima upepo mara kwa mara pia, maana kila joto likishuka nyuzi 6 hivi hupotea karibu PSI 1.

Tunawaomba wenye maduka wayatenge matairi haya na kuwaambia wateja ni ya nini. Nawe mnunuzi, omba tairi lisimamishwe mbele yako kabla halijafungwa kwenye rimu. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 3819 ni wiki ya 38 ya mwaka 2019. Likipita miaka 10 liache, hata kama meno yamejaa. Soma namba ya uzito na utafute herufi C. Kama kuna mshale ubavuni, hakikisha fundi amelifunga likielekea mbele. Kisha fanya hivyo hivyo kwa spea, kabla hujalipa.

Mafundi wa matairi,
Nairobi