Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: mateka si nyara

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni sajini mstaafu. Sikuandikii kupinga bajeti yako. Nataka jeshi lenye meno: vifaru vinavyowaka siku vinapohitajika, dawa za kutosha kwenye hospitali ya kikosi, kuruta anayelenga shabaha badala ya kumwaga risasi. Nchi isiyoweza kujilinda huishi kwa hisani ya majirani, na hisani hiyo haina mkataba. Hapo mimi na wewe lugha yetu ni moja.

Tunapoachana ni pale mjadala wa mateka unapogeuzwa mizani ya kupimia uzalendo. Anayetaka watendewe haki huitwa msaliti au, kwa lugha ya upole, mtu asiyejua vita. Mimi vita navijua.

Tulimkamata kijana mmoja alfajiri, baada ya usiku mzima wa kurushiana risasi. Alitoka kichakani mikono juu, mguu mmoja anauburura. Tukamkalisha chini, tukamfunga mikono kwa kamba za viatu vyake mwenyewe. Mwenzetu mmoja akamvua buti, maana zilikuwa mpya kuliko zake. Mwingine akatoa simu kurekodi video, akamwamuru aimbe wimbo wetu wa taifa. Hakuujua. Akawa anatufuatisha kwa midomo, neno moja nyuma yetu, na sisi tunacheka. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao kwa cheo. Nilicheka pia.

Nilipostaafu ndipo niliposoma Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949, unaohusu mateka wa vita. Asubuhi ile yote imo, kana kwamba mwandishi alikuwa amesimama nasi. Kifungu cha 13 kinamkinga mateka na matusi na kufanywa kioja mbele ya watu: hiyo ndiyo simu. Kifungu cha 18 kinaruhusu silaha zake zichukuliwe, lakini mavazi na vitu vyake vya matumizi vibaki kwake: hizo ndizo buti. Kifungu cha 17 kinamtaka ataje jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi, basi. Wimbo haumo.

Kuna pia kifungu cha 127, ambacho kinakuhusu wewe kuliko mimi: serikali zilizotia saini zilijifunga kuufundisha mkataba huo ndani ya mafunzo ya kijeshi. Mimi nilifundishwa kufungua na kufunga bunduki gizani hadi vidole vikaota sugu. Habari ya mateka tulipewa nusu saa, baada ya chakula cha mchana, nusu ya kikosi inasinzia.

Utaniambia adui hajali mkataba. Wengine hawajali, kweli. Lakini tuzungumze kiaskari. Mtu aliyezingirwa ana hesabu moja tu kichwani: nikitoka, nitapona? Akiamini hatapona, atapigana hadi risasi ya mwisho, na risasi hiyo itampata mtoto wa mtu upande wetu. Mwaka 1944 na 1945 ndege za Washirika, yaani Marekani, Uingereza na wenzao, ziliwamwagia Wajerumani vipeperushi vyenye saini ya kamanda wao Jenerali Eisenhower, vikiahidi kwamba atakayejisalimisha atalishwa, atatibiwa na kuondolewa kwenye hatari. Vita vilipokaribia kwisha, Wajerumani walikimbilia magharibi kwa makundi ili wakamatwe huko na si mikononi mwa Wasovieti. Upande wa mashariki jeshi lao lilikuwa limeua mateka wa Kisovieti kwa mamilioni, kwa njaa, kwa baridi na kwa risasi, na walijua wanadaiwa nini. Sasa jiulize, Mheshimiwa: ukitawanya vipeperushi kesho, nani atakiamini hata kimoja baada ya kuona video yetu?

Wapenda maridhiano wana mfano wao, wa Aprili 9, 1865, pale Appomattox, Marekani. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Jenerali Lee wa majimbo ya kusini yaliyojitenga aliposalimu amri, Jenerali Grant wa serikali ya shirikisho aliwaachia maofisa silaha zao za kiunoni, akawaruhusu askari waende na farasi wao wakalime, akatoa posho ya chakula ya watu 25,000 kwa jeshi lililokuwa na njaa. Askari wake walipoanza kupiga mizinga ya shangwe, akaamuru waache. Naupenda mfano huu, ila nusu yake huwa haisimuliwi. Vita vile vilikuwa vya utumwa, na mwaka 1877, serikali ya shirikisho ilipoacha kutumia jeshi lake kulinda haki mpya za waliokuwa watumwa kusini, Wamarekani weusi wakaachwa mikononi mwa waliokuwa mabwana zao. Ukarimu kwa walioshindwa ukalipiwa na watu wengine kabisa, wala hawakuulizwa.

Ndiyo maana nikisema haki sisemi kusahau. Mwaka huohuo wa 1865, Henry Wirz, mkuu wa Andersonville, kambi ya upande wa kusini walikokufia mateka karibu 13,000, alishtakiwa na kunyongwa. Aliyetupa bunduki alishwe. Aliyetesa ashtakiwe, awe wao au awe wetu.

Na kauli tamu peke yake haitoshi. Vita vya Biafra, eneo lililotaka kujitenga na Nigeria, vilipokwisha Januari 1970, Jenerali Gowon, mkuu wa serikali ya Nigeria, alitangaza kwamba hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa, na kisasi kilichohofiwa na wengi hakikutokea kwa kiwango hicho. Apewe haki yake. Lakini wengi wa Biafra waliokuwa na akiba benki walirudishiwa paundi 20 tu, hata aliyeweka maelfu. Sidhani kama mtu aliyetoka kwenye foleni ile na noti zake chache alihitaji kuelezwa nani ameshindwa.

Ninachoomba hakigharimu bei ya kifaru. Kuruta asihitimu kabla ya kufanyishwa zoezi la kupokea mateka, kwa vitendo, tena akiwa na njaa, amechoka na ana hasira, kwa sababu siku yenyewe ndivyo atakavyokuwa. Simu binafsi zikusanywe kabla ya operesheni. Ikipatikana video ya mateka anadhihakiwa, adhabu ianzie kwa kiongozi wa kikosi, ndipo imfikie aliyeshika simu. Najua ninachokisema. Kanuni hiyo ingekuwepo enzi zangu, ningetangulia mimi.

Yule kijana tulimkabidhi mchana ule, miguu mitupu. Fomu ya makabidhiano ilikuwa na mstari wa mali alizokutwa nazo mateka. Mimi ndiye niliyeijaza. Niliandika: hakuna.

Wako mtiifu,
Sajini mstaafu