Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyetaka Bub akose, Mei 2025

Mdogo wangu,

Salamu zitakuja mwishoni. Zikitangulia utadhani nimepoa.

Jumapili ya tarehe 13 Aprili uliandika neno moja kwenye grupu la familia: "Angekosa." Bub Carrington wa timu yetu ya kikapu, Washington Wizards, mtoto wa Baltimore, umri miaka 19, msimu wake wa kwanza, hajakosa mchezo hata mmoja kati ya 82. Ana mpira mkononi kule Miami, sekunde za mwisho za mchezo wa mwisho. Anarusha, unaingia. Washington 119, Miami 118. Wenzake wanamvamia kama wamebeba kombe, na hiyo ni timu iliyomaliza na ushindi 18 na vipigo 64. Wewe, katika watu wote, unaandika kwamba angekosa, eti tufungwe ili tukae vizuri zaidi kwenye droo ya vijana wapya.

Mwezi mmoja baadaye, usiku wa droo, saa nane kwa saa za Dar, Washington ikaangukia nafasi ya sita. Hukuandika neno. Ulitoka kwenye grupu.

(Ndugu wasomaji mliopita tu hapa, poleni, mmeingia katikati ya ugomvi wa watu. Timu 14 za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zilizokosa mtoano huingia kwenye droo ya kupanga nani achague kwanza vijana wapya. Timu tatu zenye rekodi mbaya zaidi zina nafasi sawa ya kupata chaguo la kwanza, asilimia 14 kila moja. Droo huamua nafasi nne za juu tu. Baada ya hapo mstari hupangwa kwa ubaya wa rekodi. Kwa hiyo timu ya mwisho kabisa haiwezi kushuka chini ya nafasi ya tano, na inayoifuata haiwezi kushuka chini ya sita. Mwaka huu Dallas walikuwa na asilimia 1.8 wakachukua ya kwanza. San Antonio pili, Philadelphia tatu, Charlotte nne. Utah, wa mwisho, wakaangukia tano. Sisi sita.)

Sasa tufanye ile hesabu uliyoikataa. Bub angekosa, tungemaliza 17 kwa 65, sawasawa na Utah, na ingepigwa kura kujua nani ahesabiwe wa mwisho. Asilimia za chaguo la kwanza zingebaki zilezile 14. Hatari ya kuangukia sita ilikuwa asilimia 20 kwa aliye wa pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mtupo uliomlaania kijana umetugharimu, ukihesabu kwa ubaya wote, ngazi moja, na hiyo nayo ya kupigiwa kura. Na angalia nyota walikotoka: Damian Lillard alichaguliwa wa sita mwaka 2012. Curry alikuwa wa saba. Shai Gilgeous-Alexander wa kumi na moja. Jokić wa arobaini na moja, unajua.

Dhidi ya ngazi hiyo moja weka alichopata kijana. Mpira wa mwisho haufundishiki mazoezini. Kocha anaweza kupanga sekunde tano za uongo kila asubuhi, akaweka na kelele za spika, mwili unajua kwamba ni uongo. Mchezaji anapata mitupo ya namna ile mitatu au minne kwa msimu, kama anaaminiwa. Timu inayomwambia akose kwa faida ya droo inamfundisha kwamba mpira huo hauna uzito, na mwaka wa tatu wanamshangaa mbona anaukwepa.

Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba wewe ndiye mtu wa Hasheem Thabeet. Mpaka leo hakuna anayeruhusiwa kumtania mbele yako. Mwaka 2009 Memphis walimchagua wa pili, mtoto wa Dar es Salaam, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden. Februari 2010, msimu wake wa kwanza haujaisha, wakamshusha ligi ya chini, kwenye timu ya Dakota ambayo nayo, cha kuchekesha, iliitwa Wizards. Februari 2011 wakamuuza Houston. Alikuwa akisubiri dakika nyuma ya Marc Gasol, senta aliyekuwa anapanda kila mwezi. Ulisema, na nilikuunga mkono, kwamba hakupewa muda wa kukosea.

Basi Alex Sarr naye alichaguliwa wa pili, mwaka jana, akiwa na miaka 19. Naye mrefu, mwembamba, mwenye mikono mirefu. Julai 2024, kwenye ligi ya kiangazi Las Vegas, dhidi ya Portland, alirusha mara 15 asifunge hata moja. Ukamwita garasa. Neno lilelile walilomwita wa kwetu.

Najua utakachojibu, maana wewe ni mbishi lakini si mjinga. Utasema Memphis walimtoa Thabeet wakampata Shane Battier, na Aprili ileile wakiwa wa nane wakawatoa San Antonio waliokuwa wa kwanza. Kweli. Ila Memphis ya 2011 ilikuwa na Gasol, Zach Randolph na Mike Conley, watu walioiva. Mwenye nyumba iliyofika kwenye linta ana sababu ya kununua mabati. Sisi bado tunachimba msingi, na wewe unataka tuuze matofali tununue mlango wa mninga.

Tuseme ukweli kuhusu Sarr. Alifunga chini ya asilimia 40 ya mitupo yake yote, na kwa mtu wa kimo chake hiyo ni mbaya sana. Sababu inaonekana ukiangalia miguu yake badala ya mpira. Anakwenda kumwekea mwenzake kizuizi, na kabla hajamgusa beki ameshaanza kutoka nje kwenda kungoja mtupo wa pointi tatu. Kizuizi kisichogusa mtu hakizuii kitu. Beki anapita, mwenye mpira hana njia, Sarr anapewa mpira mbali na ringi ilhali ana urefu wa kuning'inia. Anarusha takriban mitupo mitano ya pointi tatu kila mchezo, kwa asilimia kama 31. Dawa yake inajulikana: kilo kadhaa za misuli kiunoni na mapajani, kizuizi cha kugusana kifua kwa kifua, halafu kugeuka na kukata kuelekea ringi mara mbili kwa kila mara moja anayotoka nje. Mwili huo haujengwi kwa miezi mitatu. Senta wengi hawauvai kabla ya miaka 22 au 23, na huyu ametimiza 20 mwezi uliopita.

Upande wa pili wa daftari, mwezi Machi, kule Denver, mbele ya Jokić, alifunga pointi 34 na tukashinda 126 kwa 123. Juzi wametangaza kikosi cha kwanza cha wachezaji wapya bora wa mwaka, yumo. Bub yumo kikosi cha pili. Uliona? Au uliposikia ukabadilisha stesheni?

Wewe na wenzako mnasema "angalau turudi pale katikati." Hapo katikati tumeishi. Msimu wa 2021-22: ushindi 35, vipigo 47. Msimu wa 2022-23: 35 kwa 47, kana kwamba mtu alinakili. Timu ya ushindi 35 haiingii mtoano, na haiketi mahali pazuri kwenye droo, kwa hiyo inachagua wa tisa, wa kumi, wa kumi na tano, halafu inamlipa nyota wake mmoja pesa zote ili asiondoke. Washington haijafikisha ushindi 50 tangu msimu wa 1978-79. Marehemu mzee alikuwa na nywele nyeusi. Walipomtoa nyota huyo, Bradley Beal, mwaka 2023 ulisherehekea kuliko sisi wote, ukasema sasa tunaanza upya. Kuanza upya ndiko huku. Ulidhani kunafananaje?

Tena kuna deni. Chaguo letu la raundi ya kwanza bado tunalidaiwa tangu tulipomuuza mchezaji wetu John Wall mwaka 2020, na baada ya kupita mikono kadhaa limeishia New York. Lina kinga: mwaka 2026 likiangukia ndani ya nane za kwanza linabaki kwetu, likiwa la tisa na kuendelea linaondoka. Likibaki, deni linageuka kuwa machaguo ya raundi ya pili na tunapumua. Hebu sasa chukua pendekezo lako la kuuza vijana wawili kwa nyota wa miaka 31. Unapanda hadi ushindi 33, unakosa mtoano, na chaguo unawapelekea New York, walioko fainali ya kanda wakati sisi tunaandikiana barua. Umelipa mara mbili kwa bidhaa moja. Hili niliandika kwenye grupu kwa herufi kubwa, ukajibu kwa kikatuni cha mtu anayelala.

Mikataba nayo inatupa muda. Kijana wa raundi ya kwanza anasaini miaka minne, miwili ya mwanzo ni ya uhakika, wa tatu na wa nne timu ndiyo inayoamua. Sarr, Carrington na Kyshawn George tunao mpaka 2028 kwa mshahara mdogo. Bilal Coulibaly mpaka 2027. Mkongwe kama Marcus Smart mkataba wake unaisha 2026, na yupo kwa kazi moja: kupiga kelele mazoezini kijana anapolala kwenye ulinzi. Hicho ndicho kikosi. Hakipendezi, ila kila kipande kina tarehe yake.

Unataka mfano? Oklahoma City walishinda 22 katika michezo 72, msimu uliofuata 24 katika 82. Tarehe 2 Desemba 2021 walifungwa na Memphis 152 kwa 79, pointi 73 za tofauti. Wakavumilia. Wakapanda 40, kisha 57, mwaka huu 68, na Shai na Lu Dort walikuwa uwanjani tangu siku za aibu. Na bosi wetu Will Dawkins ametoka kwenye ofisi hiyohiyo.

Au Detroit, ambao ndio mfano ninaoupenda kwa sababu wewe ndiye uliyewacheka. Msimu uliopita walifungwa mara 28 mfululizo. Usiku wa kipigo cha 27, dhidi ya Brooklyn, Cade Cunningham alifunga 41 na bado wakalala. Cha 28 kilikuwa Boston, walikuwa wanaongoza, wakafungwa muda wa nyongeza. Walimaliza 14 kwa 68. Mwaka huu 44 kwa 38, na mtoano wakaingia. Ukikagua majina unamkuta Cade yuleyule, Jalen Duren yuleyule, Ausar Thompson, Isaiah Stewart. Walichobadilisha ni kocha na kuongeza wakongwe watatu wanaojua kurusha: Tobias Harris, Tim Hardaway Jr. na Malik Beasley, ambaye peke yake alifunga mitupo ya pointi tatu zaidi ya 300. Kabla ya hapo Cade akiingia ndani alikuta mabeki watatu wanamngoja, maana hakuna aliyeogopa walioko nje. Walipowekwa warushaji pembeni, njia ikafunguka kwa vijana walewale mliotaka wauzwe.

Na sijawahi kusema uvumilivu ni kukaa tu. Philadelphia walivumilia mpaka 10 kwa 72 mwaka 2016, wakajaza masenta watatu mahali pa mmoja. Nilisema tungoje hiki kikosi tukiwa na vipimo: Sarr anakata kwenda ringini au hakati, Bub anapoteza mipira mingapi robo ya nne, George anarudi kwenye ulinzi au anabaki kulalamikia refa. Vipimo vikigoma mpaka msimu wa tatu, nitakuwa wa kwanza kusema auzwe. Nilisema hivyo Desemba, tulipofungwa mara 16 mfululizo. Nikasema tena Januari, tulipozirudia zile 16. Ujumbe upo, rudi kwenye grupu uusome.

Kuhusu "hujui mpira" niliyokuandikia shangazi akisoma, sikupaswa. Ilikuwa jibu la hasira kwa neno la hasira. Lakini ungesema "naumia" ningekuelewa. Ulisema "angekosa."

Haya, salamu. Mama hajambo. Anaulizia kofia ya marehemu, ile ya Bullets, jina la zamani la timu yetu, yenye herufi mbili za L zilizochorwa kama mikono inayogombea mpira, maana alisikia umeitoa ukutani. Nimemwambia umeipeleka kufuliwa.

Drafti, yaani kuwachagua hao vijana wapya, ni usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 26 Juni, saa tisa kwa saa zako. Tunahitaji mrushaji. Nitapiga saa tisa kasoro robo.