Kamba haikulegea, Shangazi

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa kasorobo usiku na mvua inapiga bati. Mke wangu amelala, au amejilaza tu, maana tangu Julai na yeye usingizi umempaa. Naandika kwa mwanga wa simu, kwa hiyo nisamehe mambo yakikujia bila mpangilio. Ni habari ya mti nilioukata Julai, ukaangukia banda la jirani.

Kwanza ujue mimi si mtu wa kubahatisha kwenye miti. Mwaka wa 23 huu nakata kuni za watu: za kipaimara, za harusi, za msiba, za kuchemshia ndizi za pombe ya mbege. Kibali tulichukua, kilipitia ofisi ya kijiji, mtu asije akasema nilikata kiholela. Mti wenyewe ulikuwa wangu, kihambani kwangu, shamba la nyumbani, mgrevilea aliopanda marehemu baba pembeni mwa kahawa. Shina lilikuwa na unene wa sentimita 45. Tulitaka ukatwe Julai, upasuliwe ukiwa mbichi, ukae kwenye kichanja miezi mitano chini ya bati, pembeni pakiwa wazi upepo upite, ili Desemba watu wakipanda nyumbani kula sikukuu kuni ziwe zinawaka bila moshi. Hakuna kosa hapo.

Na yule bibi jirani banda lake la ng'ombe amelijenga limegusa masale, ile mimea ya mpaka. Nilimwambia miaka miwili iliyopita, mama, hapa ni karibu mno na miti. Hakusikia. Hilo nalo lihesabiwe.

Lakini kinachoninyima usingizi si banda. Ni neno alilolitoa shemeji yangu mbele za watu, akimwambia mtoto wake wa kumzaa, mpwa wangu: "Huyu hana mikono." Hana mikono. Na kijana alikuwa amekaa pale, viganja vyote viwili vimefungwa vitambaa.

Nieleze kazi yenyewe ilivyokwenda, usije ukadhani nilijiendea tu. Ukitaka mti uangukie unakotaka wewe, unaanza na mdomo. Mdomo unakatwa upande ule mti unakopaswa kwenda. Chenso, msumeno wa injini, inaingia kwa usawa wa ardhi hadi robo ya unene wa shina, kisha unashuka kwa mshazari kutoka juu mpaka mikato miwili ikutane bila kupitana, kipande kinabanduka kama kipande cha tikiti. Halafu unazunguka nyuma, unapanda kama sentimita 5 juu ya kona ya mdomo, na unakata kuja mbele. Humalizi. Unabakiza ukanda wa mti ambao haujakatwa, sehemu moja ya kumi ya unene, kwa mti kama ule ni upana wa vidole vitatu. Huo ukanda ndio bawaba. Mti unapoinama unafuata bawaba kama mlango unavyofuata bawaba zake, unalala taratibu unakoelekea mdomo. Bawaba ikikatika kabla ya wakati, huna mti tena mkononi. Unakwenda unakoegemea.

Mti wangu uliegemea kushoto, na kushoto ndiko kwa bibi. Mti wa hivyo unaiacha bawaba nene zaidi upande wa kulia, kwa sababu kulia ndiko kunakouvuta usiende kushoto. Najua hayo, nimewafundisha watu hayo. Na unaposimama kukata mkato wa nyuma, unasimama kulia, upande ambao mti haukuegemea. Mimi nilisimama kushoto. Kulia pale pana mfongo, mfereji wa maji ya mashamba, siku ile maji yalikuwa yamefunguliwa tangu asubuhi, ukingo wote ni utelezi, na mtu huwezi kusimama kwenye utelezi na chenso inayonguruma. Ungefanya nini?

Sasa bapa la chenso yangu ni la inchi 20. Hilo ni kama sentimita 50, linazidi unene wa shina. Ukisimama kushoto, ncha inatokea kulia, ambako macho yako hayafiki. Dawa yake ni ndogo: unasimamisha, unazunguka, unaangalia ncha imefika wapi, unarudi. Dakika moja haiishi. Sikuzunguka. Nilisikia mlio wa chenso ukiwa mwepesi ghafla, kama inavyolia inapotoka kwenye mti na kula hewa, nikajua upande wa kulia umekwisha. Hata kuitoa sikuwahi. Niliiachia mlemle nikaruka nyuma.

Kamba tulikuwa tumeifunga juu, theluthi mbili za urefu, tukaizungusha kwenye shina la mruka ulio mbele, ili mvutaji asisimame njiani mwa mti. Kijana alishika na mwenzake mmoja. Kamba ilikuwa imekaza kama waya. Mwenzake mti ulipogeuka aliachia akakimbia, na simlaumu. Mpwa wangu hakuachia. Mti wa karibu tani nzima ukienda kushoto, mtu wa miaka 19 ataushika na nini? Kamba ikampita viganjani ikaondoka na ngozi.

Mti ulivunja tawi kubwa la mparachichi, ukapiga banda. Mtamba aliyekuwa ndani alikuwa na mimba ya miezi saba, akavunjika mguu wa nyuma juu ya goti, ikabidi achinjwe jioni ileile. Bibi alikuwa sokoni. Kumtoa mnyama bandani na kumfunga juu kwenye migomba ni kazi ya robo saa, na kwa mti wa mpakani hiyo ndiyo kazi ya kwanza kabla hata hujawasha chenso. Sikuifanya, kwa sababu nilikuwa na hakika na mkono wangu.

Watu wakajaa. Mmoja akauliza, imekuwaje? Nikasikia mdomo wangu unasema: "Kamba ililegea."

Maneno mawili, Shangazi. Sikumtaja kijana. Naapa sikumtaja jina. Lakini kamba ilikuwa mikononi mwa nani?

Usiku ule mke wangu alimwosha viganja kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Nilikuwa nimeshika taa. Ngozi ilikuwa imekunjamana kuelekea vidoleni, na ndani ya nyama kulikuwa na nyuzi za katani za ile kamba, akizitoa moja moja kwa ncha ya sindano. Kijana hakulia. Mke wangu hakuniangalia, alisema tu, "Aliyelegeza kamba asingechubuka hivi." Tangu siku hiyo hajalirudia. Kama angelirudia tungegombana tukaisha.

Wiki iliyofuata shemeji akaja na ndoo ya mbege na jani la isale, la kuombea msamaha, kwenda kwa bibi. Wewe unajua isale, sina haja ya kukueleza. Akikujia mtu na isale huwezi kumfungia mlango. Alisimama pale uani, mtu mzima mwenye mvi, akasema mtoto wangu amekosa, naomba utusamehe. Ndipo akageuka akamwambia kijana yale maneno, huyu hana mikono. Bibi akapokea isale. Kata ya mbege ikazunguka, ikanifikia, nikanywa. Nilikuwa nimeketi hatua nne kutoka kwa shemeji, ninamwona mpaka vidole vinavyotetemeka.

Mimi nilitoa bati sita mpya, mbao na misumari kilo mbili, nikamjengea bibi banda lingine, hatua kumi kutoka mpakani. Watu wakanisifu. Mzee mmoja akasema huyu ni mjomba wa kweli, amebeba kosa la mpwa wake. Nilipofika nyumbani chakula kilinishinda.

Fidia ya ng'ombe walikubaliana shilingi 1,400,000. Shemeji ameshalipa 900,000: ameuza mbuzi wawili na fedha yote ya kahawa ya mwaka huu. Imebaki 500,000. Hapa ndipo nilipotaka ushauri wako. Nataka nimpe bibi hiyo 500,000 kimya kimya, amwambie shemeji amesamehe lililobaki. Kisha nitafute njia ya kumrudishia shemeji zile 900,000 kidogo kidogo, ada ya huyu mdogo wao muhula huu, mbolea muhula ule, mpaka zitimie. Hakuna atakayeumia. Sitaki uniambie nikakiri. Nimeshawaza hilo. Fundi wa miti anaishi kwa jina lake. Desemba ndiyo mwezi wangu, na nikisema kwamba nilikata bawaba ikaisha, nani ataniita niangushe mti juu ya nyumba yake? Ada za wanangu zinatoka hapohapo. Kumwambia shemeji kutamrudishia nini, ng'ombe atafufuka?

Lakini kijana yuko Arusha tangu Agosti, amekwenda kwa baba yake mdogo, anabeba mbao kwenye yadi. Kwa viganja vile. Hakufukuzwa, ila baba yake alisema hapa kazi ya mikono hawezi. Kila Jumapili anapiga simu kwa mke wangu, na mwisho anaomba aongee na mimi. Anasema, "Shikamoo mjomba." Nasema marahaba. Anauliza kuni zimekauka? Nasema zimekauka. Basi. Hajauliza kitu kingine hata siku moja. Angenitukana ningejua pa kusimama.

Na anajua, Shangazi. Kilichonikosesha usingizi usiku huu ni kisiki.

Kisiki kinasomeka. Mtu anayejua kazi akikitazama, haulizi swali. Bawaba iliyofanya kazi yake huacha ukanda wa nyuzi zilizochanika, zimesimama kama meno ya kitana, kutoka ukingo hadi ukingo, upana uleule. Changu kina nyuzi upande wa kushoto tu, vidole vitatu, kisha zinapungua, vidole viwili, kimoja, na robo yote ya kulia ni laini kama sahani, imekatwa na chenso. Kamba ingelegea, nyuzi zingekuwepo pande zote mbili. Mpwa wangu nimemfundisha mwenyewe kusoma visiki, tangu akiwa darasa la sita. Asubuhi ya pili yake nilimwona amechuchumaa pale, vitambaa mikononi, ameegemeza kiwiko kwenye kisiki. Alikaa muda. Aliposimama alikwenda kukusanya matawi.

Nimekifunika kwa majani makavu ya migomba na kupanga kuni juu yake. Kukishusha sentimita 10 ni kazi ya dakika mbili, hakuna atakayeuliza, visiki vinashushwa kila siku. Mara tatu nimekwenda na chenso. Juzi nilivuta kamba ya kuwashia, ikawaka, nikaizima.

Kwa sababu nikikishusha, siku nitakayotaka kusema, nitawaonyesha nini? Nimeshajipangia kichwani mara nyingi. Namwita shemeji, dada yangu, bibi, na yule mzee aliyenisifu, naondoa kuni, nawaambia angalieni hapa, kulia hakuna uzi hata mmoja, hii ni chenso yangu. Nataka wote wawepo. Nataka shemeji alifute lile neno mbele ya watu walewale, maana alilitamka mbele yao. Halafu kukicha nataka tena ile njia ya 500,000.

Labda swali langu ni hili. Isale la ng'ombe yule lilishakwenda na likapokelewa. Limebebwa na mtu ambaye hakuwa na kosa. Je, linaweza kubebwa tena, kwa kosa lilelile, na mwenye kosa? Au kwa bibi limekwisha, na mimi nadaiwa kwa shemeji? Na kama ni kwa shemeji, nampelekea yeye, au nampelekea kijana? Sijawahi kuona mjomba akimpelekea mpwa wake isale, mtoto niliyembeba mgongoni. Wazee wa kuuliza wapo, ila nikiuliza tu, watajua ni nani. Na nikimpita kijana nikaenda kwa baba yake kwanza, si nitakuwa nimemruka tena, kama siku ile ya maneno mawili?

Anarudi tarehe 23, kula sikukuu. Amemwambia mke wangu anataka kuzipasua zile kuni nene zilizobaki, zile zilizo juu ya kisiki. Nijibu kabla ya hapo. Na barua ukiitoa, kijiji usikiandike.

Mjomba,
Moshi Vijijini